USUKANI UKILEGEA, USINGOJE AJALI

Somo la ufundi kwa vikundi vya kisomo



Leo tutajifunza juu ya usukani wa gari. Huenda wewe huna gari. Lakini gari unapanda. Mwani wako, mihogo yako, samaki wako na watoto wako wote hupanda gari. Kwa hiyo somo hili si la madereva na mafundi peke yao. Ni lako pia.

Hapa Unguja gari ndogo za mizigo, yaani pikapu, zinafanya kazi kubwa. Nyingine zimetiwa paa na mabenchi, zinachukua abiria. Nyingine zinabeba kuni, mchanga, ndizi na magunia. Zinapita njia za lami, njia za kifusi na njia za mchanga wa pwani. Chumvi ya bahari inakula chuma chake. Mchanga unaingia kwenye viungo vyake. Basi si ajabu usukani kulegea. Ajabu ni mtu kujua kuwa umelegea na akaendelea kupakia watu.

Tuanze na kisa cha mfano. Kisomeni kwa sauti katika kikundi chenu.

KISA CHA MSUMARI

Dereva mmoja kijana alikuwa akitoka Jambiani kila alfajiri kwenda mjini. Gari yake ni pikapu ya zamani. Usukani wake ulikuwa unacheza. Akiukata kidogo, gari haigeuki. Akiukata zaidi, ndipo inageuka. Yeye alisema, "Gari hii nimeshaizowea."

Katika njia ya mjini kuna msitu wa Jozani. Pale barabarani pana matuta. Yaliwekwa ili gari zipunguze mwendo, zisiwagonge kima punju wanaovuka njia. Kila gari ilipopanda tuta, utingo alisikia mlio chini: kwa, kwa, kwa. Alimwambia dereva. Dereva akajibu, "Ni bodi tu hilo."

Siku moja gari ilikuwa imejaa. Kina mama walikaa juu ya magunia ya mwani. Mbele yao alitokea mzee juu ya baiskeli. Dereva alikata usukani kumkwepa. Gari ilichelewa. Ikampita mzee kwa shubiri moja, halafu ikakatika sana, ikaingia vichakani. Mungu aliwanusuru. Mtu mmoja aliteguka mkono. Mwani ulimwagika wote.

Siku ile ile dereva na utingo wake walikwenda kwa fundi, mzee wa makamo.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Usukani ami. Nakata huku, gari yenyewe inafikiri kwanza."

"Tangu lini?"

"Kama miezi mitatu hivi."

"Miezi mitatu! Na abiria unapakia?"

Dereva akanyamaza. Kisha akasema, "Niliambiwa nikaze boksi tu, kazi ya dakika tano."

"Boksi ni la mwisho, mwanangu. Hebu tuanze chini."

Fundi alimwambia dereva akae ndani, autikise usukani kulia na kushoto. Yeye na utingo wakachungulia chini. Utingo akaona kitu. "Ami, hii nini hapa kwenye nati?"

Fundi akasogea. Ulikuwa ni msumari. Pini ya kufungia nati ilikuwa imepotea siku nyingi, na mtu alitia msumari mahali pake. Msumari ulikuwa umelika, umebaki nusu. Nati ilikuwa imeshaanza kufunguka.

Fundi alimwita dereva ashuke aone mwenyewe. Akamwambia, "Tazama. Roho za watu wote wale zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari huu."

Sasa tujifunze ili kisa hiki kisitupate.

USUKANI UNAFANYAJE KAZI?

Neno usukani limetoka baharini. Nahodha wa jahazi anashika kana, kana inageuza usukani, usukani unageuza chombo. Ikiwa bawaba za usukani zimelika, nahodha atavuta kana na jahazi litachelewa kumtii. Gari ni vivyo hivyo.

Katika pikapu nyingi za zamani, nguvu ya mkono wako inapita njia hii:

1. Unazungusha usukani.
2. Usukani unazungusha shafti ndefu inayoshuka chini.
3. Shafti inaingia katika boksi la stelingi. Ndani ya boksi mna meno na mafuta.
4. Boksi linasukuma mkono wa chuma ulio nje yake.
5. Mkono huo unasukuma fimbo za chuma zilizolala chini ya gari. Mafundi huziita tairodi.
6. Fimbo zinageuza magurudumu ya mbele.

Kila mahali fimbo inapokutana na kitu kingine pana kiungo. Kiungo hicho ni kama nyonga ya mtu: tufe la chuma ndani ya kikombe. Juu yake pana mfuko wa mpira unaozuia mchanga na maji. Mafundi hukiita tairodi endi.

Gari za siku hizi nyingi hazina boksi la namna hii. Zina reki, yaani chuma chenye meno kinachokwenda kulia na kushoto. Lakini viungo vya tufe na kikombe zinavyo vile vile.

Tena fahamu jambo moja. Gari inapopinda, gurudumu la ndani ya kona hukata zaidi kuliko la nje. Fimbo zimepangwa ili kulipa kila gurudumu kipimo chake. Mpango huu ni wa zamani kuliko gari zenyewe. Uliandikishwa London mwaka 1818 na Rudolph Ackermann, kwa ajili ya magari ya farasi. Aliyeubuni ni mtengenezaji wa magari hayo huko Ujerumani, Georg Lankensperger. Kwa hiyo fimbo ikipinda au ikirefushwa ovyo, mpango wote unaharibika na tairi zinalika haraka.

DALILI ZA UGONJWA

Daktari humwuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Na sisi tuulize gari kwanza.

• Usukani unazunguka kidogo bila magurudumu kugeuka. Kuna kiungo kilicholika, au boksi limelegea.
• Gari inatangatanga katika njia iliyonyooka. Huenda ni viungo, beringi za magurudumu, au upepo mdogo wa tairi.
• Gari inavuta upande mmoja. Kwanza pima upepo. Tairi moja ikiwa na upepo mdogo, gari huvutika upande wake. Pia huenda breki ya upande mmoja inashika.
• Usukani unatetemeka gari inapofika mwendo fulani. Mara nyingi tairi au rimu hazina mizani. Lakini viungo vilivyolika huzidisha.
• Mlio wa kugonga kwenye matuta na mashimo. Tazama viungo na bushi.
• Tairi za mbele zinalika upande mmoja. Magurudumu hayakai sawa.

Abiria na utingo nao wana masikio na macho. Ukisikia mlio, sema. Dereva mwenye akili hakasiriki.

KABLA YA KUINGIA CHINI YA GARI

Sehemu hii isome mara mbili.

Simamisha gari mahali pa tambarare na pagumu, si juu ya mchanga. Vuta breki ya mkono. Zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo, mbele na nyuma. Nyanyua gari kwa jeki. Kisha weka stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu chini ya chesisi.

Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza. Tena usitumie mawe ya matumbawe wala matofali. Jiwe la tumbawe linaonekana gumu, lakini hupasuka ghafla bila ya kukuonya.

Vitu utakavyohitaji: spana, nyundo, koleo, jeki, stendi au magogo, rula, uzi, kitambaa, grisi, na pini mpya za kufungia nati. Mtafute na mwenzako. Kazi hii ni ya watu wawili.

KUPIMA MCHEZO WA USUKANI

Mafundi wengine huuita pleyi. Pima hivi:

1. Weka magurudumu yanyooke mbele, gari ikiwa chini.
2. Ikiwa gari ina pawa stelingi, washa injini. Bila injini utapata kipimo cha uongo.
3. Funga uzi au tia alama ya chaki ukingoni mwa usukani, juu kabisa.
4. Zungusha usukani polepole kwa kidole mpaka gurudumu linapotaka kuanza kugeuka. Simama hapo.
5. Rudisha upande wa pili mpaka hapo hapo.
6. Pima kwa rula umbali ule ambao alama imesafiri.

Kwa pikapu nyingi, mchezo usizidi sentimita 3. Hiyo ni kama upana wa vidole viwili. Ukizidi, tafuta sababu. Ukifika upana wa kiganja, gari hiyo isipakie mtu mpaka itengenezwe.

KUTAFUTA MAHALI PALIPOLEGEA

Kanuni ni moja: fuata mwendo. Mwenzako akae ndani autikise usukani kidogo kidogo, kulia na kushoto. Wewe fuata kutoka juu kwenda chini. Shika kila kiungo kwa vidole. Chuma cha upande huu kikitembea na cha upande wa pili kikachelewa, ugonjwa uko hapo katikati.

Hatua ya kwanza: tairi. Pima upepo. Kipimo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Ikiwa unajua kusoma tarakimu, huna haja ya kukisia. Kaza na nati za magurudumu, kwa kupishana, si kwa kufuatana.

Hatua ya pili: gurudumu. Gari ikiwa juu ya stendi, shika tairi juu na chini, uitikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiondoka, beringi ndizo zimelegea. Mchezo ukibaki, ni boli jointi au kingipini. Kisha shika tairi ubavuni, kushoto na kulia, uitikise tena. Ikicheza hivyo tu, tazama tairodi.

Hatua ya tatu: viungo vya fimbo. Tazama mifuko ya mpira. Iliyopasuka imeshaingia mchanga. Tazama kila nati kama ina pini yake. Ukiona msumari, waya au kamba, umeshapata kosa la kwanza.

Hatua ya nne: mkono wa upande wa pili. Pikapu nyingi zenye boksi zina mkono mdogo upande wa pili wa chesisi, unaoshikilia fimbo ya katikati. Bushi zake hulika. Mkono huu ukipanda na kushuka, magurudumu hayatulii.

Hatua ya tano: boksi lenyewe. Tazama bolti zinazolifunga kwenye chesisi. Mara nyingi boksi ni zima, bolti ndizo zimelegea. Futa uchafu, utazame kama chesisi imepasuka au imeliwa na kutu. Sisi tunaoishi karibu na bahari tuwe waangalifu hapa.

Hatua ya sita: shafti. Viungo vyake vilivyo kati ya usukani na boksi navyo hulika.

Ukimaliza zote hizi, na mchezo bado uko ndani ya boksi, ndipo ulishughulikie boksi.

KUTENGENEZA

Beringi za magurudumu. Katika gari nyingi za zamani, unatoa kifuniko, unatoa pini, unakaza nati huku ukizungusha gurudumu. Kisha unailegeza nati kidogo, unaikaza tena kwa wepesi. Gurudumu lizunguke bila kukwaruza na bila kucheza. Tia pini mpya. Beringi ikiwa na mlio au madoa ya buluu, imeungua. Haikazwi, inabadilishwa.

Tairodi endi. Kiungo kilicholika hakitengenezwi, kinabadilishwa. Kabla ya kukitoa, pima urefu wa fimbo na uuandike. Toa pini na ulegeze nati, lakini iache imeshika kidogo. Kisha piga nyundo ubavuni mwa jicho la chuma linaloshika kiungo. Usipige kwenye ncha yenye parafujo, utaiharibu. Kikiachia, toa nati. Unapokizungusha kiungo kutoka kwenye fimbo, hesabu mizunguko. Kipya kizungushe mizunguko ile ile. Kaza nati, tia pini mpya, ikunje vizuri. Matundu ya pini yasipolingana, kaza nati mbele kidogo. Usiirudishe nyuma.

Grisi. Ikiwa viungo vina nipo, vitie grisi mpaka ile chafu itoke. Gari inayoshuka pwani kuchukua mwani au samaki ioshwe chini kwa maji ya kisima, kisha itiwe grisi mapema zaidi.

Boksi. Kwanza tazama mafuta yake. Yakipungua, yaongeze kwa aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Juu ya boksi mna parafujo na nati ya kuizuia. Weka magurudumu yanyooke, yawe yamenyanyuliwa. Legeza nati. Kaza parafujo kidogo sana, kama sehemu ya nane ya mzunguko. Zuia parafujo isizunguke, kaza nati. Sasa zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia. Ukihisi unakwama mahali popote, umekaza mno. Rudisha.

Ndiyo maana fundi wetu alisema boksi ni la mwisho. Meno ya boksi hulika zaidi pale katikati, kwa kuwa gari huenda mbele muda mwingi kuliko kupinda. Ukikaza mpaka mchezo wote uishe pale katikati, boksi litakwama kwenye kona. Usukani hautarudi wenyewe. Dereva atakata kona, na gari itang'ang'ania kona. Hapo umeondoa ugonjwa mdogo, ukaleta mkubwa.

MAMBO YA KUKATAA

• Kataa fimbo ya usukani kuchomelewa. Ikivunjika au ikipinda, ibadilishwe.
• Kataa msumari au waya mahali pa pini. Pini ni kitu rahisi kuliko vitu vyote katika kazi hii.
• Kataa kiungo cha zamani kinachocheza, hata ukiambiwa kimetoka kwenye gari nzuri.
• Dereva, usikate usukani kwa nguvu gari ikiwa imesimama. Katika maegesho ya mjini, pale kandokando ya Mji Mkongwe, nafasi ni finyu. Wacha magurudumu yatembee japo kidogo, ndipo ukate. Viungo vitadumu.

BAADA YA KAZI

Pima magurudumu kwa uzi. Tia alama ya chaki katikati ya tairi zote mbili za mbele, upande wa nyuma, kwa kimo cha ekseli. Pima umbali kutoka alama moja mpaka nyingine. Sogeza gari mpaka alama zije mbele kwa kimo kile kile, upime tena. Linganisha na kipimo cha kitabu cha gari. Kipimo hiki ni cha kukufikisha mjini tu. Ukifika, gari ipimwe kwa mashine.

Ijaribu gari pahala peupe, bila ya abiria, kwa mwendo mdogo. Kanyaga breki. Kata kushoto na kulia. Kesho yake zitazame nati zote tena.

Na kama kazi ni boli jointi, kingipini, kufungua boksi au chesisi iliyopasuka, mpe fundi mwenye vifaa. Kujua mwisho wa ujuzi wako nako ni ujuzi.

DAFTARI LA GARI

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Gari ni mali. Iwekee daftari. Andika tarehe, kilomita, mchezo wa usukani, kazi iliyofanywa na fedha zilizotumika. Kwa mfano:

"Tarehe 1: mchezo sm 2. Grisi imetiwa. Pini zote zipo."
"Tarehe 1, mwezi wa pili: mchezo sm 3. Mfuko wa mpira wa kushoto umepasuka. Kiungo kibadilishwe wiki hii."

Daftari hili litakuonya kabla ya ajali. Mkono wa dereva huzowea mchezo kidogo kidogo, usiuone. Rula haizowei.

Tukumbuke yule kijana wa kisa chetu. Alikosa kazi siku mbili, gari ikitengenezwa. Alilalamika sana. Siku ya tatu utingo alipima usukani kwa rula, akaandika katika daftari: "sm 1 na nusu." Kisha akapiga kelele kuita abiria wa mjini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kana: mti wa kugeuzia usukani wa chombo.
Chesisi: mifupa ya chuma inayobeba gari.
Bushi: mpira au chuma kinachokaa ndani ya kiungo ili visisuguane.
Nipo: tundu dogo la kutilia grisi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini fundi alisema boksi ni la mwisho?
2. Ukishika tairi juu na chini ikacheza, utajuaje kama ni beringi?
3. Kwa nini jiwe la tumbawe halifai kushikilia gari?
4. Utingo alisikia mlio, dereva akampuuza. Nyinyi mngefanya nini? Na abiria ana haki ya kusema?
5. Kazi ya kufanya: mwombeni dereva mmoja wa kijiji chenu ruhusa. Pimeni mchezo wa usukani wake. Andikeni sentimita mlizopata.